Mbwa mdogo akizidiwa usiku Nairobi: daktari aje nyumbani au umkimbize kliniki inayokesha?

Mbwa wa kilo tatu ana damu ya takriban mililita 260 mwili mzima. Haijazi hata chupa ndogo ya soda. Ukilishika hilo, mengine yote utakayosoma hapa yatakuwa na maana: mbwa mdogo hana akiba. Akiharisha damu usiku kucha, akikosa kula siku nzima akiwa bado mtoto, au akilala kwenye sakafu ya simiti akiwa mgonjwa, anafika pabaya wakati mbwa wa ulinzi angali anatingisha mkia. Kwa hiyo mwenye Maltese, Chihuahua, Shih Tzu au Japanese Spitz hawezi kuamua kwa kipimo kile kile anachotumia jirani mwenye German Shepherd.

Saa nne usiku jijini Nairobi, njia zilizo mbele yako ni kumpigia daktari wa mifugo aje nyumbani, kwenda kliniki inayokesha, kusubiri asubuhi uende kwa daktari wako wa siku zote, kwenda kliniki ya chuo kikuu kule Kabete, au kubisha agroveti ya mtaani, lile duka la dawa za mifugo. Mbili za kwanza ndizo zinazowatia watu kwenye njia panda, kwa hiyo nitakaa nazo zaidi. Msimamo wangu ni huu: daktari wa kuja nyumbani ana kazi yake na ninamheshimu, lakini mbwa mdogo aliyezidiwa kweli apelekwe mahali ambapo kuna mtu atakayekaa macho naye mpaka asubuhi. Na simu ipigwe kabla ya kutoka nyumbani.

Je, amezidiwa kweli?

Inua mdomo wake wa juu uangalie fizi. Zikiwa za waridi na zenye unyevu, una muda wa kufikiri. Zikiwa nyeupe, za kijivu, za buluu au nyekundu iliyokolea mno, toka sasa. Bonyeza ufizi kwa kidole kisha uachie. Rangi inapaswa kurudi ndani ya sekunde mbili. Hesabu pumzi zake akiwa ametulia. Mbwa mzima aliyelala hupumua chini ya mara 30 kwa dakika, na tumbo halisukumwi kwa nguvu. Joto lake la kawaida ni nyuzi 38 hadi 39 na kidogo, kwa hiyo usishtuke ukimhisi wa moto kuliko wewe. Ila likipita 40, piga simu. Degedege linalozidi dakika tano, au linalorudi siku hiyo hiyo, halina mjadala.

Tahadhari moja kabla hujamgusa. Mbwa ambaye hajachanjwa, aliyebadilika tabia ghafla, anayedondosha mate na taya limelegea, usimtie mkono mdomoni kutafuta mfupa. Kichaa cha mbwa bado kipo Kenya. Mpango wa taifa wa kukitokomeza ulizinduliwa 2014 na unalenga 2030. Ukishang'atwa au mate yakaingia kwenye mchubuko, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha uende hospitali ya watu, hata kama mbwa ni wako mwenyewe.

Daktari anayekuja nyumbani

Uzuri wake wa kwanza ni utulivu. Mbwa wenye pua fupi kama Pug na Shih Tzu wakipata hofu hupumua vibaya zaidi, na safari ya saa nzima kwenye gari lenye joto inaweza kuwa hatari kuliko ugonjwa wenyewe. Uzuri wa pili ni kwa watoto wa mbwa ambao hawajamaliza chanjo: kukaa nyumbani kunawaepusha na chumba cha kusubiri ambamo mwenye parvo, ugonjwa wa virusi wa kutapika na kuharisha, alikuwa amelazwa sakafuni mchana. Virusi vya parvo vinadumu miezi mingi mahali vilipodondoka. Uzuri wa tatu hausemwi sana lakini una uzito. Mbwa mzee aliyefika mwisho, ambaye uamuzi umeshafanywa asiteseke tena, ni heri alale kwenye blanketi lake mwenyewe, watu wake wakiwa karibu.

Sasa angalia anachobeba: kipimajoto, kifaa cha kusikilizia moyo, sindano za maumivu, za kuzuia kutapika na za antibayotiki, labda chupa ya maji ya dripu. Hana oksijeni, hana eksirei, hana mashine ya kupima damu. Hawezi kupasua juu ya meza yako ya chakula. Na atakapomaliza ataondoka, maana ana watu wengine wanaomngoja.

Hiyo dripu ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Mbwa wa kilo tatu anahitaji kama mililita 180 tu za maji kwa siku nzima ili mwili wake uende sawa, yaani saba au nane kwa saa. Aliyepungukiwa maji huongezewa, lakini kwa hesabu. Mfuko wa nusu lita ukining'inizwa kwenye msumari wa dirishani na kiroda cha kupunguza matone kikaachwa wazi, maji yanaweza kuingia mengi kuliko moyo wake unavyoweza kuyasukuma, yakaishia kwenye mapafu. Kliniki nzuri hutumia pampu inayohesabu mililita, au angalau chupa ndogo yenye alama inayozuia mengi kupita kwa mara moja. Nyumbani anayehesabu ni wewe, na wewe una usingizi na hofu.

Kuna pia suala la safari mbili. Ukiishi Syokimau na daktari akawa Ruaka, utamsubiri avuke jiji. Akifika na kusema "huyu anahitaji upasuaji," ndipo unaanza safari yako. Muda ambao ungetumika kumwekea oksijeni umeishia barabarani. Daktari mwaminifu hulisema hilo kwenye simu, kabla hajachukua pesa yako. Ukimpata wa namna hiyo, shikamana naye.

Kliniki inayokesha

Hapa ndipo neno "saa 24" kwenye bango linapohitaji kuulizwa maswali. Kuna mahali ambapo daktari yuko ndani usiku kucha, na kuna mahali ambapo yuko askari na funguo, na daktari anaitwa kutoka kwake. Ya pili si ulaghai, lakini unapaswa kujua kabla hujapanda gari. Uliza hivi: daktari yupo hapo sasa hivi au ataitwa? Nani anakaa na wagonjwa kati ya saa sita usiku na alfajiri? Mna oksijeni? Mnaweza kupasua usiku huu ikibidi? Wagonjwa wa parvo mnawaweka chumba tofauti? Mnapima damu hapo hapo au mnasubiri maabara ifunguliwe?

Majibu ya maswali hayo yananisaidia zaidi kuliko urembo wa jengo. Kliniki ya chumba kimoja huko Utawala yenye daktari aliye macho, mtungi wa oksijeni na pampu ya dripu inamfaa mbwa mdogo kuliko jengo la vioo ambalo usiku wagonjwa wanaachwa kwenye vizimba peke yao mpaka asubuhi.

Kipimo cha damu nacho kinastahili kutajwa. Homa ya kupe ni ya kawaida sana kwetu, na mbwa mdogo hupauka haraka: fizi nyeupe, mkojo wa rangi ya kahawa, hataki kusimama. Tone moja la damu likitazamwa chini ya hadubini linaweza kumwonyesha daktari vimelea ndani ya chembe nyekundu, na matibabu yakaanza usiku huo huo. Wengine huhitaji kuongezewa damu, na damu hiyo hutoka kwa mbwa mwingine mkubwa mwenye afya. Uliza kama kliniki ina mbwa wa kutoa damu au kama unaweza kuja na wa jirani aliyechanjwa. Kwa udogo wa mgonjwa wako, kinachohitajika ni kidogo sana, na huyo mkubwa hatadhurika.

Ubaya wa kliniki ni kelele, harufu ya mbwa wengine, na bili. Kwa mtoto wa mbwa asiye na chanjo kamili, mbebe kwenye kapu au boksi, usimweke sakafuni, na uombe kusubiri ndani ya gari.

Pale ambapo chaguo ni moja tu

Mbwa mdogo aliyeng'atwa na mkubwa asisubiri kuletewa daktari. Niliwahi kumsindikiza jirani na Spitz wake mweupe, aliyekamatwa mgongoni na mbwa wa geti la pili. Damu iliyoonekana ilikuwa matone machache juu ya manyoya, na yeye alikuwa anatembea, hata akanywa maji. Daktari alipomnyoa kwa mashine tuliona matundu manne, kila moja dogo kuliko ncha ya penseli. Kisha akabonyeza kwa kidole pembeni ya mbavu, na ngozi ikatoa mlio mdogo wa kukwaruza, kama karatasi laini inayofinywa. Ilikuwa hewa iliyonaswa chini ya ngozi. Ngozi yenyewe ilikuwa imechanika kutoka kwenye nyama na inateleza. Eksirei ikaonyesha ubavu uliovunjika. Mbwa mkubwa humshika mdogo na kumtikisa. Meno yanaacha matundu, ila uharibifu uko ndani. Bila mashine ya kunyolea, eksirei na oksijeni, kidonda hicho kingepakwa dawa ya zambarau na mbwa angerudishwa kulala.

Jicho lililotoka nje ni vivyo hivyo, na kwa mbwa wa uso bapa linaweza kutoka kwa kugongwa kidogo tu au kwa kushikwa shingoni kwa nguvu. Usilirudishe. Lifunike kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji safi yaliyotiwa chumvi kidogo, zuia asilikune, na uende. Kila saa inayopita inapunguza nafasi ya jicho hilo.

Jike anayezaa ndiye mwingine. Mbwa wadogo hupata shida ya kuzaa kuliko wakubwa, kwa kuwa vichwa vya watoto ni vikubwa kwa nyonga zao. Akisukuma kwa nguvu nusu saa bila mtoto kutoka, au majimaji ya kijani kibichi yakitangulia kabla ya mtoto wa kwanza, anahitaji mahali penye nusu kaputi na mikono ya upasuaji. Daktari wa nyumbani anaweza kukuambia hivyo hivyo, ila kwa simu inatosha.

Aliyekula guguta la mahindi au kokwa la embe naye ni mgonjwa wa eksirei. Guguta halisagiki tumboni. Likikwama kwenye utumbo mwembamba wa mbwa wa kilo nne, sindano ya kuzuia kutapika itamtuliza usiku mmoja huku utumbo unaendelea kuumia.

Sumu

Sumu inataka simu haraka kuliko kitu kingine, na hapa daktari wako wa siku zote, hata akiwa kitandani kwake, anaweza kuwa na thamani kubwa kuliko gari. Mazungumzo huenda hivi:

"Daktari, samahani kukusumbua usiku. Mbwa wangu anatetemeka na anatokwa na mate mengi."

"Pole sana, mama. Ana kilo ngapi? Leo mmemwogesha dawa ya kupe?"

"Kama kilo nne. Kijana alimwogesha jioni, na ile ya ng'ombe."

"Nisomee jina lililo kwenye chupa."

"Ngoja niilete… imeandikwa amitraz."

"Sawa. Mwogesheni haraka kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, mvae glavu, mmkaushe vizuri asipate baridi. Msimpe kitu mdomoni. Kisha mwende kliniki, na chupa mwende nayo. Nawapigia wawe tayari."

Chupa inabebwa kwa sababu dawa za kupe hazifanani. Zile za jamii ya oganofosfeti humfanya atetemeke, mate na kuhara vimtoke, mboni za macho zisinyae, na hutibiwa kwa atropini inayorudiwa tena na tena usiku kucha. Amitraz kwa kawaida humlegeza, moyo ukaenda polepole, mwili ukapoa, na atropini hiyo hiyo inaweza kumdhuru. Asiyejua jina la dawa anabahatisha. Na kwa kuwa matibabu yanarudiwa kwa saa nyingi, daktari wa kuja na kuondoka hatoshi.

Maziwa, mafuta ya kupikia, mayai mabichi na maji ya chumvi ndivyo vitu watu wetu hukimbilia. Viacheni. Mbwa anayetetemeka au aliyelegea hamezi vizuri, na maziwa yakienda mapafuni umemwongezea ugonjwa wa pili. Chumvi nyingi ni sumu yenyewe. Aliyekunywa mafuta ya taa asitapishwe kabisa. Aliyekula tembe za Brufen au diklofenaki za mtu mzima, au dawa ya panya, apelekwe hata kama anacheza, kwani daktari anaweza kumtapisha salama ndani ya saa chache za mwanzo. Kuna dawa za panya zinazozuia damu kuganda, na dalili zake hujitokeza siku kadhaa baadaye, wakati kutapisha hakusaidii tena.

Kusubiri asubuhi, Kabete na agroveti

Kusubiri kunafaa pale fizi ni za waridi, anakunywa maji bila kuyatapika, na tatizo ni la kuchechemea, kujikuna, sikio linalonuka, au kuhara mara moja mbili huku ana nguvu. Daktari anayemjua mbwa wako ana faili lake na uzito wake wa mwezi uliopita, na hilo lina faida kubwa mchana. Mtoto wa mbwa mdogo aliyekataa kula tangu asubuhi hayumo kwenye kundi hili. Sukari yake ya damu hushuka, akapepesuka na kulegea. Mpake asali au glukosi kwenye fizi, usimmiminie, na mtoke.

Kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kiko Upper Kabete, nacho kina kliniki ya wanyama wadogo. Hapo utakutana na wahadhiri, wanafunzi na macho mengi juu ya mgonjwa mmoja, jambo zuri sana kwa ugonjwa uliowashinda wengine au upasuaji wa mifupa. Kwa usiku wa manane piga simu kwanza. Mimi huiweka Kabete kama mahali pa kupelekwa na barua ya daktari baada ya mbwa kutulizwa.

Agroveti ni duka. Mwenye duka anaweza kuwa mtaalamu mwenye stashahada na moyo mwema, lakini sheria ya mwaka 2011 inayosimamia taaluma hii inawatenganisha madaktari wa mifugo na wahudumu wasaidizi, na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya ndiyo inayowasajili wote. Uliza usajili wa yeyote anayetaka kumchoma mbwa wako sindano. Si utovu wa adabu. Usinunue dawa ya ng'ombe ukakadiria kwa jicho. Kosa la nusu mililita kwa ng'ombe halionekani, kwa Chihuahua ni jambo la kufa na kupona.

Malipo na njiani

Kliniki nyingi za binafsi huomba malipo ya awali usiku. Uliza kiasi hicho kwenye simu, na uwe na pesa kwenye M-Pesa kabla hujaondoka. Ukifika, omba makadirio ya usiku mmoja na useme uwezo wako waziwazi. "Daktari, nina kiasi hiki. Kipi kifanyike kwanza?" ni swali la heshima, na daktari mzuri atakupangia: oksijeni, maumivu na dripu kwanza, vipimo vingine asubuhi. Linganisha pia hesabu nzima. Ada ya kuitwa nyumbani huonekana ndogo, lakini ukilipa ya nyumbani kisha ukalipa ya kliniki usiku ule ule, umelipa mara mbili.

Usitegemee matatu. Ukiita teksi kwa simu, mwandikie dereva kabla hajafika kwamba una mbwa mgonjwa ndani ya boksi, kwani wengine hughairi wakimwona getini. Mfunge kwa shuka au leso apate joto, isipokuwa amezidiwa na joto la jua. Huyo mloweshe maji ya bomba, usimwekee barafu, na ufungue madirisha. Aliyegongwa na gari mlaze juu ya ubao wa kukatia au kifuniko kigumu cha boksi ili mgongo usipinde. Anayepumua kwa shida asibanwe kifuani, na asilazwe chali.

Asubuhi akiruhusiwa, omba karatasi yenye majina ya dawa alizopewa, kipimo cha kila moja na saa ya sindano ya mwisho, pamoja na uzito wake kama ulivyosomwa kwenye mizani yao. Ipige picha uitume kwa daktari wako wa kawaida kabla hajampa mbwa dawa nyingine ya maumivu.